Aiptasia kwenye tangi la matumbawe: weka kisu chini, chukua bomba la sindano

Siku ya kwanza nlipomuona nlifurahi, wallahi. Tangi langu la maji ya chumvi, la samaki na matumbawe hai, lilikuwa na miezi mitano, lita 250, liko sebuleni hapa Dubai ninapofanya kazi, na pembeni ya jiwe moja pametokea kitu kama kimnazi kidogo, shina jembamba la kahawia linalopitisha mwanga na juu yake makuti yanapepea. Nikampiga picha nikamtumia kakangu Mombasa, nikamwambia ona, tangi limeanza kuzaa lenyewe. Baada ya wiki tatu vilikuwa vitatu. Mimi na ujuaji wangu nikachukua kisu cha jikoni nikavikwangua vyote, nikanawa mikono, nikalala. Mwezi uliofuata nlihesabu mpaka arubaini na kitu nikaacha kuhesabu.

Kwa hivo kama hutasoma kitu kingine chochote hapa, shika hili: USIMKWANGUE. Huyu ni anemoni, mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, jina lake la kitaalamu Exaiptasia diaphana ingawa wote tunamwita aiptasia tu, na ule wayo wake anaoshikia jiwe ukiacha hata kipande kama punje ya mchele, hicho kipande kinaota mdomo na mikono kinakuwa mtu mzima. Hata bila kisu chako anafanya hivo mwenyewe, anajisogeza kidogo kidogo kwenye jiwe na nyuma anaacha vipande vya wayo, kila kipande mtoto. Kisu kinamrahisishia kazi tu. Alafu mwilini ana mwani mdogo sana unaomtengenezea chakula kwa mwanga wa taa, kama matumbawe yenyewe, kwa hivo ukisema utamuua kwa njaa umejidanganya. Ni mgumu kiasi kwamba watafiti wanamfuga maabara makusudi ili wajue matumbawe yanaishi vipi na mwani wao, na mwaka 2015 wale wa chuo cha KAUST pale Saudia ndo waliochapisha jenomu yake, yaani ramani nzima ya vinasaba vyake. Sisi tunahangaika kumuua, wenzetu wanamlea.

Ubaya wake ni kwamba anauma. Mikono yake ina vichomeo, na akisumbuliwa anatoa nyuzi nyeupe nyembamba ambazo zikigusa tumbawe jirani utaona nyama ya tumbawe inarudi nyuma inaacha mfupa mtupu.

KWANZA HAKIKISHA NI YEYE

Nimeshaona mtu amemwagia dawa mnyoo wa bomba, yule mwenye upepeo kama wa manyoya, maskini hana kosa. Mnyoo wa bomba anakaa ndani ya kimrija, na ukimshtua anaingia mara moja, chap, yote kwa pamoja. Aiptasia anajikunja, anakuwa kidonge, alafu anazama shimoni. Na katikati ya mikono yake ukiangalia kwa juu utaona mdomo, kama tundu la kifungo.

Kuna na mwenzake, majano. Huyu mfupi, mnene, ncha za mikono zimevimba kama vidole vya mtoto, rangi kijani au kahawia au hata pinki, na ndo maana watu wanamfuga wakidhani ni mtoto wa yule anemoni mkubwa anayekaliwa na samaki wa filamu ya Nemo. Kinachonichekesha ni jina. Kwenye vitabu ni Anemonia manjano, alipewa na Msweden Oskar Carlgren mwaka 1900 kwenye kazi yake ya anemoni waliookotwa pwani ya Afrika Mashariki, na ukilitazama utaona ni manjano yetu hii hii, watu wa matangi huko duniani wakaidondosha ile n mpaka leo wanasema majano. Kwa hivo mdudu anayewatesa wazungu kwenye sebule zao ana jina la Kiswahili na wengi hawajui.

Chukua tochi usiku, saa moja baada ya taa kuzima, uangalie tangi lote, kila upande, chini ya mawe, nyuma ya pampu, na HASA kwenye sampu, kile kitangi cha chini maji yanakoshukia kuchujwa. Mimi nlipigana miezi miwili kwenye tangi la juu kumbe sampu imejaa, huko hakuna samaki wa kuwasumbua na makombo yanapita muda wote, na watoto wanapanda na pampu kurudi juu. Andika idadi kwenye karatasi. Ile idadi ndo itakwambia utumie njia gani: wakiwa chini ya kumi na mkono unawafikia, tumia chokaa. Wakiwa wamejaa kila mahali, tafuta mnyama wa kuwala. Wakiwa kwenye jiwe moja tu na jiwe halina tumbawe la maana, toa jiwe ukalikaushe.

PUNGUZA CHAKULA KABLA YA YOTE

Nlisafiri likizo nyumbani wiki tatu, nikamwachia mwenzangu wa chumba tangi. Nlimwambia nusu kipande cha chakula cha friza kwa siku. Akawaonea samaki huruma, ati wanamtizama, akawa anatia vipande viwili asubuhi na viwili jioni. Niliporudi kioo kimeshika mwani na aiptasia wamenenepa kama wamekula pilau ya harusi. Sikumlaumu, samaki kweli wanajua kuomba.

Ukipunguza chakula hawafi, nshasema, lakini wanaacha kuongezeka kwa kasi. Yeyusha chakula cha friza kwenye kikombe, mwaga yale maji, wape samaki kinachoisha ndani ya dakika mbili. Safisha skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu. Badilisha maji kila wiki asilimia kumi.

CHOKAA

Hii ndo njia yangu na ntaieleza kwa kirefu manake ndo iliyonifanyia kazi. Unachohitaji ni hidroksaidi ya kalsiamu safi, ile watu wa matangi wanaita kalkwasa, ni chokaa iliyozimwa tu lakini safi. Usiende kuchukua ile ya fundi wa nyumba, ina uchafu ambao hujui ni nini. (Mimi nimekulia karibu na nyumba za mawe za Mji wa Kale ambazo wazee walichoma matumbawe kwenye tanuri wapate chokaa ya kujengea, sa hii nanunua chokaa kwa dirham niokoe matumbawe sita kwenye sanduku la kioo. Maisha haya.)

Vaa glavu na miwani. Sio mapambo, chokaa ikiwa imekolea kwenye maji pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, inapita 12, ikikurukia jichoni utajuta.

Chukua vijiko viwili vya chai vya chokaa, tia maji safi yaliyochujwa kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe kama uji mzito wa lishe, ule ambao ukiinua kijiko unashuka polepole. Ikiwa nyepesi itasambaa tangini kama maziwa, ikiwa nzito sana itakwama kwenye bomba. Vuta kwenye bomba la sindano la mililita 5 au 10. Sindano yenyewe huihitaji hapa, badala yake chomeka kimrija kigumu cha plastiki cha kama sentimita 20 ili mkono wako ubaki nje ya maji, manake kivuli cha mkono tu kinatosha kumfanya azame.

Zima pampu zote, na za mawimbi pia. Subiri maji yatulie kabisa.

Sasa hapa ndo wengi wanakosea. Wanaenda moja kwa moja wanammwagia, yeye anajikunja, chokaa inabaki juu ya shimo, wiki ijayo anatoka anapiga miayo. Mimi nafanya hivi: natangulia kumdondoshea kipunje cha chakula, kidogo kabisa. Mikono inakamata, inaanza kukunja kuelekea katikati, polepole, na mdomo unafunguka. Hapo ndo nakuja na kimrija kwa pembeni, taratibu kama unamnyemelea kuku mchana, sigusi mkono wake hata mmoja, nadondosha tone la kwanza juu ya mdomo. Anameza! Anadhani ni chakula. Akishameza ndo naongeza, namfunika wote mpaka lile shimo linajaa uji mweupe. Inatumia kama nusu mililita kwa mkubwa, wadogo ni tone tu.

Acha dakika 20 mpaka 30 pampu zikiwa zimezimwa. Usizidishe, na hasa kama unakaa sehemu ya joto maji yanaishiwa hewa haraka, samaki wakianza kwenda juu kuvuta, washa. Kabla ya kuwasha mimi huwa navuta ile chokaa iliyobaki na mrija mwembamba ili isiruke ikaangukia tumbawe, manake tumbawe nalo inaliunguza vile vile.

Idadi: kwenye lita 250 zangu siendi zaidi ya watano kwa siku moja. Chokaa inapandisha pH, na kama una kipimo pima kabla na baada, ikikaribia 8.5 simama, endelea kesho. Kuna jamaa namjua aliwamaliza thelathini kwa jioni moja, ndiyo aliwamaliza, na samaki wawili juu.

Baada ya siku mbili rudi na tochi pale pale. Baada ya wiki rudi tena, uangalie duara kama la sahani kuzunguka pale alipokuwa, manake mara nyingi watoto walishatoka zamani ila walikuwa wadogo huwaoni. Hiyo ndo sababu watu wanasema chokaa haifanyi kazi. Inafanya, ila ni kazi ya kurudia rudia.

Majano pia anakufa kwa chokaa ila ni mbishi, mfupi, na mwili wake umeshikana na jiwe, nimewahi kumrudia mmoja mara nne.

NDIMU, SUPAGLUU NA MENGINEYO

Maji ya ndimu au siki unamchoma nayo kwa sindano hasa, unaingiza kwenye shina chini kabisa karibu na wayo, unasukuma nusu mililita mpaka moja. Chuja ndimu kwanza, nyama yake inaziba sindano. Kwangu ilifanya kazi kama nusu ya mara, wengine walikuwa wanazama kabla sindano haijaingia na nabaki nachoma jiwe. Kama huna chokaa jaribu, lakini asidi inashusha pH, kwa hivo wachache kwa siku vile vile.

Supagluu ya jeli au epoksi, ile gundi ngumu ya kuziba, hii nzuri kwa yule aliyekaa kwenye kishimo ambacho hakina njia nyingine. Unamfungia ndani kabisa. Ukiacha upenyo wa sindano atapita.

Dawa za dukani zilizo tayari kwenye chupa zipo na nyingi zinafanya kazi kwa njia ile ile ya kumfanya ameze, bei tu.

MNYAMA WA KUWALA

Ukishafika mahali huhesabu tena, bomba la sindano litakuchosha. Hapo kuna watatu wa kufikiria.

Kamba wa pepaminti, jamii ya Lysmata, kina Lysmata wurdemanni na Lysmata boggessi, hao asili yao ni Atlantiki upande wa Marekani. Angalau watatu, wanakula usiku, na wanapenda aiptasia wadogo, wakubwa wanawaogopa, kwa hivo wakubwa wamalize wewe na chokaa kwanza. Ukiwalisha sana hawagusi aiptasia, kwa nini wahangaike. Na KAGUA unachouziwa. Kuna kamba mwingine mwenye kibyongo na mistari ya madoa meupe kwenye wekundu, Rhynchocinetes durbanensis, wa bahari yetu ya Hindi, anawekwa kwenye boksi moja na pepaminti na wauzaji hawajali. Huyo anakula matumbawe yako. Pepaminti mwili unapitisha mwanga na mistari myekundu inakwenda urefu, hana kibyongo cha ngamia.

Wa pili ni Berghia, konokono mdogo asiye na gamba, mweupe mwenye vinyweleo mgongoni, kama sentimita mbili. Huyu anakula aiptasia TU. Hagusi kitu kingine duniani, majano hamtaki, na aiptasia wakiisha anakufa njaa. Ni ghali na ni wa subira, miezi mitatu unaweza ukaona hakuna kitu, alafu ghafla wanaisha, manake anataga mayai yake meupe ya mzunguko na kizazi cha pili ndo kinafanya kazi. Wanunue kikundi, sio mmoja. Wateremshe usiku taa zimezimwa, na kimrija, pale pale karibu na aiptasia, usiwamwage juu samaki wakawadaka. Weka sifongo kwenye pampu zinazovuta. Na usimchanganye na kamba wa pepaminti, nlifanya hivo, nlilisha kamba konokono wa dirham mia mbili kwa usiku mmoja. Kamba walinenepa.

Wa tatu ni samaki. Kitatange mwenye mdomo mrefu na mistari ya shaba, Chelmon rostratus, anawala vizuri lakini ni mgumu kumfuga, wengi wanakufa kwa kukataa chakula kabla hata hawajajua aiptasia ni nini. Vitatange wa pwani yetu kama Chaetodon lunula wanakula pia, ila wanakula na matumbawe, hao ni wa tangi la samaki watupu. Kuna na binamu wa kikande, mdogo mwenye manyoya manyoya, Acreichthys tomentosus, ambaye watu wengi wanamsifu na mimi namuunga mkono, ila mwangalie, mwingine akizoea anaonja na matumbawe laini.

KAMA NI JIWE MOJA, LITOE

Jiwe lisilo na tumbawe litoe nje ulianike juani wiki mbili tatu, likauke kabisa. Jua la huku halihitaji maelezo. Kabla ya kulirudisha lioshe, liloweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi siku kadhaa, manake vitu vilivyokufa ndani vinaoza.

Lakini USILICHEMSHE. Usilipike jikoni, usilitie kwenye maikrowevu, usimwagie maji ya moto ndani ya nyumba, usilisugue kwa brashi ngumu likiwa na zoanthidi, wale wanaofanana na vifungo vya rangi. Baadhi yao wana sumu inaitwa palitoksini na ikipanda na mvuke ukaivuta ni hospitali. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, watu wa nyumba moja walisafisha tangi wakaishia kulazwa pamoja na askari waliokuja kuwasaidia. Mdudu wa sentimita tatu hastahili mapafu yako.

Na jiwe au maji yaliyobaki usimwage baharini wala kwenye mtaro unaoingia baharini, hata kama uko Nyali na bahari iko mlangoni. Maji mwaga chooni, anemoni tia jiki kwanza. Hujui tangi lako lina nini kilichotoka bahari gani.

ASIINGIE TENA

Wangu waliingia na tumbawe dogo nlilonunua limegandishwa juu ya kikalio cha saruji. Sikukigeuza. Siku hizi nikinunua natoa kile kikalio chote, navunja kwa koleo, nagandisha tumbawe kwenye kipya na supagluu. Kuosha na dawa ya ayodini ni vizuri kwa wadudu wengine lakini aiptasia anajikunja tu anasubiri uondoke. Alafu tumbawe linakaa kwenye kitangi kidogo cha pembeni wiki nne mpaka sita, na kila siku chache naliangalia usiku kwa taa ya bluu. Hiki kitangi ni kidebe cha lita 20 na pampu moja, usinambie huna nafasi.

Na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vinavyolindwa, kuyavusha mpaka bila karatasi ni kesi, kwa hivo yule anayekuletea kwenye begi na tambara lenye maji achana naye, mbali na sheria hujui na nini kingine kimejibana mle.

Kwangu sa hii ni safi, karibu. Kuna mmoja amekaa ndani ya lile kasha ambalo maji ya tangi yanamwagikia kwenda kwenye sampu, kwenye kona ambayo mrija haufiki na kamba hawapiti, nimemtia chokaa mara tatu anatoka tena, mdogo lakini anatoka. Bomba la sindano nimelifunga kwa utepe ubavuni mwa kabati la tangi, na kila Ijumaa nikirudi kuswali nazima pampu, nachukua tochi, naenda kumuangalia.